Dharamvir Bharati na Vita Visivyoonekana

Mtunzi anayeingia katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India, kutafuta tamthilia hakosi mambo makubwa. Kuna kamari iliyomla mfalme ufalme wake wote. Kuna malkia anayedhalilishwa barazani mbele ya wakwe zake. Kuna ndugu wa ukoo mmoja, Kaurava na Pandava, wanaouana kwa siku 18, kwa magari ya farasi na mishale, mpaka uwanja wa Kurukshetra unajaa maiti. Dharamvir Bharati, mshairi wa Kihindi wa mji wa Allahabad aliyekuwa hajatimiza hata miaka 30, aliyapita yote hayo. Tamthilia yake Andha Yug, yaani Enzi ya Upofu, iliyochapishwa mwaka 1954, inafunguka jioni ya siku ya 18. Vita vimekwisha. Jukwaani hakuna mfalme wala shujaa. Kuna walinzi wawili waliochoka, wanaranda katika kumbi tupu za jumba la Kaurava.

Tukae nao kidogo walinzi hawa. Wamekesha siku zote za vita, lakini mikuki yao haijamchoma mtu na ngao zao hazijapokea mshale hata mmoja. Jumba wanalolilinda limebakiwa na mfalme mzee kipofu na wajane, na wao wenyewe wanasema wazi kwamba hapakuwa na cha kulinda. Mara mbingu inatanda giza na mvumo unasikika. Wanadhani ni mawingu. Kumbe ni tumbusi, maelfu kwa maelfu, wanaelekea Kurukshetra. Walinzi wanainama na kujifunika ngao zao. Basi. Mtazamaji hajaona ndege hata mmoja wala maiti hata moja, lakini kwa kuwatazama watu wawili wamechutama chini ya ngao amekwisha kuelewa vilikuwa vita vya namna gani, na kwamba aliyeshinda hana cha kusherehekea. Na ngao zile, ambazo hazikupata kazi vitani, kazi yao ya kwanza ni kuwakinga watu na ndege walao mizoga. Bharati halielezi hilo. Analiacha lipite, mwenye jicho aone.

Kinachonirudisha kwenye kazi hii kila mara ni jinsi alivyolitumainia sikio. Mfalme Dhritarashtra ni kipofu tangu kuzaliwa. Mkewe Gandhari macho anayo, ila alipoolewa alijifunga kitambaa, ili asione kile ambacho mumewe hawezi kukiona. Wana wao 100 wamekwenda vitani, nao wamekaa jumbani wakimngoja Sanjaya, mtu aliyejaliwa kuuona uwanja wa vita kwa mbali, aje awasimulie. Kwao vita vyote ni maneno ya mtu mmoja. Kabla ya kupanda jukwaani Andha Yug ilisikika katika redio ya Allahabad, na msikilizaji wa redio alikuwa amekaa pale pale alipokaa mfalme: gizani, mbele ya sauti, bila njia yoyote ya kujionea. Ni nadra sana hali ya mhusika na hali ya msikilizaji kulingana namna hiyo.

Sanjaya mwenyewe Bharati hakumwacha awe tarishi wa kuleta habari na kuondoka, kama wajumbe wengi wa tamthilia za kale. Vyasa, mtawa mwenye hekima, amemkinga na kifo. Hawezi kuuawa, kwa hiyo hawezi kukimbia kazi yake. Amehukumiwa kuishi na kuwaambia ukweli watu wasioweza kuuona. Anapotea njia msituni, anachelewa, anafika na habari za wana waliokufa na hana maneno laini ya kuzifunikia. Mtu yeyote aliyewahi kutumwa kupeleka taarifa ya msiba atazitambua zile sentensi zake zinazoanza, zikasita, zikaanza tena.

Bharati alizaliwa tarehe 25 Desemba 1926 Allahabad, mji ambao siku hizi huitwa Prayagraj, inapokutana mito ya Ganga na Yamuna. Baba yake alifariki mapema, na masomo aliyapata kwa shida. Alisoma Kihindi katika Chuo Kikuu cha Allahabad, akaandika tasnifu ya udaktari kuhusu fasihi ya Siddha, wale watawa washairi wa kale walioimba kwa lugha za watu wa kawaida, akawa mwalimu hapo hapo. Mji wenyewe ulikuwa shule. Nirala, Mahadevi Varma na Sumitranandan Pant, washairi wakubwa wa kizazi kilichomtangulia, wote waliishi humo, na vijana wa rika lake walikuwa na kundi lao lililoitwa Parimal. Mwaka 1949 riwaya yake ya mapenzi, Gunahon Ka Devta, ilimpatia wasomaji vijana ambao hawajamwacha hadi leo. Mwaka 1951 mshairi Agyeya alimweka katika Doosra Saptak, mkusanyiko wa washairi saba wa mkondo mpya.

Lakini kizazi chake kiliingia utu uzima kwa mlango mbaya. Agosti 1945 Hiroshima na Nagasaki ziliteketezwa. Agosti 1947 India ilipata uhuru na kugawanywa kwa pamoja, na majirani wa miaka mingi wakauana kwa malaki. Andha Yug haitaji lolote kati ya hayo. Wimbo wake wa kwanza unasema tu kwamba waliovunja adabu ya vita ni pande zote mbili, mmoja kidogo, mwingine zaidi, na msomaji wa mwaka 1954 hakuhitaji kuonyeshwa kwa kidole.

Sisi tuliolelewa na vina na mizani tunafaa kuisikiliza lugha ya tamthilia hii polepole. Sehemu yake kubwa ni shairi huru, njia ambayo Nirala alikwisha kuipigania katika Kihindi kabla Bharati hajashika kalamu. Uhuru huo si uholela. Walinzi husema kwa mishororo mifupi, mmoja anaanza, mwingine anamalizia, na mapigo ya maneno yao yanafuata mapigo ya hatua zao, kwenda na kurudi. Ashwatthama, mpiganaji wa upande wa Kaurava, akisema, mshororo unakatika katikati, neno linarudiwa, pumzi inaisha kabla ya wazo. Gandhari hupanda taratibu, jambo juu ya jambo, mpaka anachokisema kinakuwa laana. Na kati ya onyesho na onyesho huingia uimbaji wa kisa, wenye vina na mwendo wa kuimbika, ambao Bharati aliuazima katika sanaa za maonyesho za jadi. Waimbaji hueleza yaliyotokea ambayo hatukuyaona, huandaa moyo wa msikilizaji kwa yanayokuja, kisha hukaa kando. Mtu akifumba macho na kusikiliza, anaweza kumjua anayesema kwa mwendo wa maneno kabla jina lake halijatajwa. Kwa mtunzi wa tamthilia hilo ni jambo gumu kuliko kutunga maneno mazuri, maana maneno mazuri mara nyingi hufanana vinywani mwa watu wote.

Kwa maoni yangu sehemu iliyoandikwa kwa ustadi kuliko zote ni kuharibika kwa Ashwatthama. Baba yake, Drona, alikuwa mwalimu wa silaha na vitani hashindiki. Ndipo Yudhishthira wa Pandava, mtu aliyesifika maisha yake yote kwa kusema kweli, alipotangaza kwamba Ashwatthama ameuawa, akaongeza kwamba huenda ni mtu, huenda ni tembo. Tembo mwenye jina hilo alikuwa ameuawa kweli. Drona akasikia jina la mwanawe, akaweka silaha chini, akauawa. Ile nusu ya ukweli ndiyo iliyomtia sumu mwana. Bharati anamleta msituni akiwa ameuvunja upinde wake kwa mikono yake mwenyewe, anajiita mnyama, na kuua kwake si mbinu ya vita tena bali ni maradhi. Anamkaba Sanjaya koo mpaka mwenzake Kripacharya anamwokoa. Anamuua mzee mtabiri aliyekuwa ametabiri ushindi wa Kaurava, halafu hakumbuki kwamba amemuua.

Usiku unaingia. Wenzake wawili, Kripacharya na Kritavarma, wamelala. Yeye hana usingizi. Mtini bundi anamvamia kunguru aliyelala na kumuua. Kisa hiki kimo katika Mahabharata yenyewe, Bharati hakukibuni. Kilicho chake ni subira. Hakumpa Ashwatthama hotuba ya kutufafanulia maana. Anakiacha kisa kikae jukwaani muda wake wote, na sisi tunamtazama mtu mmoja akijifunza kutoka kwa ndege kwamba adui aliyelala huuawa kwa urahisi. Kisha anakwenda kwenye kambi ya Pandava.

Mauaji ya kambini hatuyaoni. Sanjaya anamsimulia Gandhari, na Gandhari, mama aliyefiwa na wanawe wote waliokwenda vitani chini ya bendera ya Kaurava, anataka kusimuliwa zaidi. Nani alikufa? Vipi? Endelea. Hapo ndipo ninapomstahi Bharati kuliko mahali pengine popote, kwa sababu sisi tunaosikiliza tumekaa upande wa Gandhari na tunaingoja sentensi inayofuata kama yeye. Anatushika tukiwa na kiu ile ile ya damu, na hatusemi vibaya. Anaendelea tu kusimulia.

Nimesema wanawe wote waliokwenda chini ya bendera ya Kaurava, kwa kuwa yupo mmoja wa ukoo huo aliyebaki hai. Ni Yuyutsu, mwana wa Dhritarashtra, aliyeona kwamba haki iko upande wa Pandava na akapigana upande wao. Katika masimulizi ya kale ni mtu wa pembeni. Bharati alimvuta katikati na kuuliza swali ambalo simulizi kubwa halikuwa na nafasi ya kuliuliza: mtu aliyechagua upande wa haki dhidi ya ndugu zake anarudi vipi nyumbani? Anarudi na watu wanafunga milango. Gandhari anampokea kwa maneno makali kuliko mkuki. Halafu linakuja tukio fupi sana. Askari bubu wa Kaurava, aliyeumia miguu, anajikokota chini na kuashiria kwamba ana kiu. Yuyutsu anamletea maji. Askari anainua uso, anamtambua kuwa ndiye aliyemjeruhi, anajirudisha nyuma kwa hofu na kutambaa kwenda zake. Maji hayakunyweka. Bubu hawezi kumlaumu Yuyutsu, hawezi kumsamehe, na Yuyutsu hawezi kujieleza kwa mtu asiyeweza kumjibu. Katika tamthilia inayoishi kwa sauti, Bharati alilihifadhi jambo zito kuliko yote kwa mtu asiye na sauti.

Halafu kuna Krishna, ambaye haonekani kabisa. Kwa watazamaji wengi wa Bharati, Krishna ni Mungu aliyevaa mwili; picha yake imo majumbani mwao, na filimbi yake na unyoya wake wa tausi. Kumleta jukwaani mwigizaji aliyepakwa rangi kungekuwa kumrudishia kila mtu picha aliyokwisha kuizoea. Bharati alimfanya sauti. Gandhari anailaani sauti hiyo: ulikuwa na uwezo wa kuvizuia vita, hukuvizuia, basi ukoo wako utauana wenyewe kwa wenyewe, nawe utakufa kama mnyama, kwa mkono wa mwindaji wa kawaida. Tunangoja Mungu ajitetee, maana hoja za kumtetea zipo tele na kila Mhindu anazijua. Hajitetei. Anaikubali laana, na kumjibu kwamba katika siku zile 18 kila askari aliyeanguka, ni yeye aliyeanguka ndani yake. Gandhari, aliyekuwa moto mtupu, anavunjika na kulia, akimuuliza kwa nini ameikubali. Nimesoma tamthilia nyingi ambamo mtu anagombana na Mungu. Sikumbuki nyingine ambamo anayelaani ndiye anayevunjika, na anavunjika kwa sababu laana yake imepokewa.

Kabla ya laana hiyo Ashwatthama amekwisha kufyatua Brahmastra, silaha ya mwisho, na Arjuna wa Pandava naye amefyatua yake. Vyasa anawakemea kwa kuwaeleza kitakachofuata: ardhi isiyoota, watoto wanaozaliwa na ulemavu, vizazi kwa vizazi. Silaha hiyo ipo katika Mahabharata tangu zamani. Bharati hakuongeza kitu cha kigeni. Aliibonyeza tu pale palipokuwa tayari, na miaka tisa baada ya Hiroshima watu walisikia walichosikia. Wako waandishi ambao wangemvalisha Vyasa koti la mwanasayansi ili tusikose kuelewa. Yeye alituamini.

Tamthilia ilikaa miaka minane kitabuni na redioni kabla mwongozaji Satyadev Dubey hajaipandisha jukwaani Bombay mwaka 1962. Mwaka uliofuata Ebrahim Alkazi, mkuu wa Shule ya Kitaifa ya Maigizo ya Delhi, aliitoa kabisa ndani ya ukumbi na kuichezea katika magofu ya Feroz Shah Kotla, ngome ya karne ya 14. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alihudhuria. India ilikuwa imetoka kupigana na China mwishoni mwa 1962, na maneno ya walinzi waliolinda kumbi tupu yalisemwa kati ya kuta zilizobomoka kweli, chini ya mbingu halisi. Kuanzia hapo hakuna mwongozaji mkubwa wa Kihindi aliyeweza kuipita bila kuitazama. Ratan Thiyam aliicheza kwa Kimanipuri, kwa miili na ngoma za kwao. Mwaka 2011 Bhanu Bharti aliirudisha Feroz Shah Kotla.

Watu wanaoijua Andha Yug peke yake wanakosa nusu ya mambo, kwani miaka mitano baadaye, mwaka 1959, Bharati alivirudia vita vile vile kwa kupitia mlango wa nyuma. Kanupriya ni shairi refu linalosemwa na Radha, mpenzi wa Krishna wa ujanani, aliyeachwa kijijini kando ya Yamuna wakati Krishna alipokwenda kuwa mtu wa historia. Hakuna mapigano humo pia. Kuna mwembe ambao chini yake walikuwa wakikutana, na jeshi linalopita. Na Radha anafikiri kwamba tawi lile huenda likakatwa ili kulipisha jeshi hilo. Hayo tu. Anayasikia maneno makubwa ambayo mpenzi wake anasemekana aliyatamka uwanjani, kuhusu wajibu na matendo, na anamuuliza kwa upole yana maana gani kwa mtu ambaye alichojua ni kupendwa tu. Sauti ya Gandhari hupiga. Sauti ya Radha huuliza na kungoja. Mimi naipenda zaidi hii ya pili, ingawa najua ya kwanza ni kazi kubwa zaidi.

Mwaka 1960 alihamia Bombay kuwa mhariri mkuu wa gazeti la wiki la Dharmayug, na alikaa kitini hapo hadi 1987. Tamthilia nyingine ndefu hakuandika tena, na wapo wanaosema uhariri ulimmeza. Sikubaliani nao kabisa. Mwaka 1971 alikwenda mwenyewe kwenye vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh na kuripoti alichokiona. Mtu aliyekuwa amevisikiliza vita kwa masikio ya kipofu sasa alivikabili kwa macho yake. Na mwaka 1974, Jayaprakash Narayan, kiongozi wa upinzani, mzee wa miaka 72, alipopigwa na polisi katika maandamano ya Patna, Bharati alitunga Munadi, shairi lililojengwa kama mbiu ya serikali: wananchi wote wanatangaziwa wafunge milango, maana kuna mzee ametoka barabarani na anasema kweli. Mtu aliyezoea kuwasemea wengine kwa mapigo yao aliichukua sauti ya mpiga mbiu wa dola na kuifanya ijishtaki yenyewe. Ustadi ni ule ule.

Riwaya yake fupi ya 1952, Suraj Ka Satvan Ghoda, ambamo Manik Mulla anawasimulia rafiki zake visa vya mchana vinavyoanza kuonekana kuwa kisa kimoja, Shyam Benegal aliifanyia filamu mwaka 1992. Bharati alifariki Mumbai, yaani Bombay ile ile, tarehe 4 Septemba 1997.

Kwa Kiingereza Andha Yug ipo katika tafsiri ya Alok Bhalla, na naamini Kiswahili kina vyombo vya kuibeba vizuri zaidi. Uimbaji wa kisa utakaa katika utenzi wa mizani nane bila kulazimishwa, kwa kuwa tangu Utendi wa Tambuka masikio yetu yamezoea kusimuliwa vita katika bahari hiyo. Shairi huru linalomfaa Ashwatthama tunalo tangu enzi za Kezilahabi. Walinzi wataletwa na mfasiri mwenye nidhamu ya kukataa kila neno la ziada. Laana ya Gandhari ningempa mwanamke aifasiri, aliyewahi kukaa kwenye mkeka wa matanga na kusikia mama aliyefiwa anavyosema na Mungu wake pale watu wanapojaribu kumnyamazisha, na ningemwomba asiifupishe wala asiilainishe hata kidogo.